Gari Lililokuwa Tayari Mara Nne

Jumamosi, 31 Mei

Nimerudi kutoka kazini nikakuta fomu mezani. Imeshajazwa! Haisubiri kujazwa — imejazwa, imesainiwa, na nakala imeshatumwa kwenye klabu ya magari. Siku ya uwanja wa mbio kuwa wazi kwa kila mwenye gari lake, Jumamosi 21 Juni. Gari: letu. Dereva: mke wangu. Mimi nimeandikwa mstari wa chini, penye neno "fundi".

Wiki tatu. Nikamwambia gari haliko tayari. Akasema halijawahi kuwa tayari, kwa hiyo tarehe yoyote ni sawa. Akaendelea kukunja sare zake.

Niandike hali ilivyo, maana mtu akitusikia atadhani mimi ni mvivu. Gari lina miaka thelathini na moja. Bodi ni yake. Injini ni ya gari jingine, kubwa zaidi. Boneti ni ya gari la tatu, nyekundu, na bodi ni ya kijivu. Viti vya nyuma nilivitoa mwenyewe, nikachomelea mabomba ndani ili likipinduka paa lisitukandamize. Yote hayo nimefanya hapa hapa uani, kwenye kibanda kilicho kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akalibatiza jina: Subira. Alidhani ni mzaha.

Uwanjani limewahi kufika mara moja tu, miaka mitano iliyopita. Niliendesha mimi. Mizunguko miwili, breki zikalainika, nikatoka. Tangu hapo kila mwaka tunakosa. Mara pampu ya mafuta. Mara mabushi, zile raba za chini ya gari. Mwaka wa tatu sikumbuki. Mwaka jana, gia. Sababu za kweli zote!

Jioni nimepiga tochi kwenye rejeta. Inavuja. Nilijua tu.

Jumapili, 1 Juni

Shemeji amekuja kusaidia. Tunamwita Kipaza, kwa sababu hajawahi kusema jambo mtaa wa pili wasisikie. Msaada wake ni huu: nimempa bolti moja ya kushikilia rejeta, akaikaza mpaka ikakatika. Kichwa cha bolti mkononi, mwili wake umebaki ndani! Anacheka. Eti, shemeji, chuma cha siku hizi si chuma.

Saa tatu nzima nimetoboa kile kipande kukitoa. Saa tatu!

Nimemweleza tena utaratibu wangu. Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kwenye lifti hakuna "nadhani nimekaza". Unakaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia tik nguvu ikitosha. Ikilia, unapaka mstari mweupe kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Bolti ikilegea, mstari unakatika, unauona kwa macho. Mstari maana yake ni imekazwa. Hakuna maana nyingine. Kaza, sikia, paka.

Hapa nyumbani natumia rangi ya kucha ya binti yetu. Leo amekuja nayo mkononi, chupa imebaki tone. Anasema, baba, rafiki zangu wananiuliza baba yako anapaka kucha? Nikamwambia waambie ndiyo, na ana kucha mia mbili na arobaini.

Kipaza kasikia. Sasa mtaa mzima unajua.

Jumanne, 3 Juni

Rejeta haivuji. Nimewasha. Injini imeshika mara ya kwanza, ikatulia, ikanguruma vizuri tu. Jirani wa juu akafunga dirisha kwa kishindo.

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu. Yeye anaendesha ambulansi. Akaweka mkoba chini, akasema, nipe ufunguo nizunguke mtaa mara moja. Nikamwambia ngoja, kuna mlio mbele kulia. Akasikiliza. Akasema hasikii mlio. Nikamwambia mlio wenyewe unasikika gari likitembea. Akauliza, wewe umeusikia vipi, na gari halijatembea?

Nimefungua gurudumu la mbele kulia, nikatoa beringi, nikaiosha, nikaiangalia. Haina kitu. Nimeirudisha. Lakini bora kujua kuliko kukisia.

Alhamisi, 5 Juni

Sahani ya klachi niliyoagiza imefika. Si yake! Meno ishirini na moja, mimi nataka ishirini na matatu. Nilimtumia muuza vipuri picha, vipimo, na namba. Anasema sahani zote zinafanana. Zingefanana wangetengeneza moja!

Nimelala na hasira.

Jumapili, 8 Juni

Ugomvi wa kiti.

Kiti cha dereva nilikifunga mwaka juzi kwa bolti nne, moja kwa moja kwenye sakafu, bila reli ya kusogeza, kwa sababu reli inacheza. Nilikifunga kwa kipimo cha miguu yangu. Leo mke wangu amekaa. Mguu wake haufiki mwisho wa klachi. Akaniangalia kupitia dirishani. Miaka yote hii, akasema, unaniambia gari ni letu sote, na hakuna hata siku moja uliyopima mguu wangu.

Nikasema kutoboa sakafu upya ni kazi ya siku mbili. Akasema siku unazo kumi na tatu. Nikasema mto utafaa. Mto! Nilijua ni upuuzi hata kabla neno halijanitoka mdomoni.

Hakupandisha sauti. Akabaki amekaa, mikono kwenye usukani. Ndipo akaniambia. Kuanzia tarehe moja mwezi ujao wanamtoa kwenye ambulansi. Miaka kumi na tisa, sasa wanampeleka kwenye meza ya simu. Mgongo. Daktari wa kazini ameandika. Amelijua hilo tangu mwezi wa nne.

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, ungefungua kitu ukitengeneze.

Halafu akasema, mimi maisha yangu yote nimekwenda mbio na mtu anakufa nyuma yangu. Nataka siku moja niende mbio bila mgonjwa nyuma. Siku moja tu.

Nimekaa uani mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimetoboa sakafu. Nimempima mguu kwa futi ya kamba, akiwa na viatu na bila viatu. Bolti nne, tik nne, mistari minne. Kiti kimesogea mbele sentimita kumi na moja. Sasa mimi ndiye nisiyeenea, magoti yananigusa usukani.

Ajabu, imeniuma. Mtu mzima naonea wivu kiti.

Jumatano, 11 Juni

Sahani ya klachi ya kweli imefika, imeingia. Klabu wametuma orodha ya ukaguzi. Nimeipitia kwa kalamu. Betri imefungwa: ndiyo. Ndoano ya kuvutia mbele na nyuma: ndiyo. Hakuna kinachovuja: ndiyo. Mikanda, kizima moto, tairi: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nimefika mwisho wa ukurasa, nikageuza. Nyuma hakuna kitu.

Nikazunguka gari mara mbili. Nikafuta boneti. Nikatingisha kila gurudumu. Kimya! Sijui nieleze vipi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa kama mtu aliyefika kituoni akakuta kituo kimehamishwa.

Halafu nikakumbuka gia ya tatu. Mwaka jana ilikuwa nzito kidogo kuingia. Niliirekebisha, ndiyo, lakini niliirekebisha mwaka jana.

Jumamosi, 14 Juni

Gia boksi iko chini. Nilianza Alhamisi, nikaifungua jana. Nimepanga kila kipande juu ya magazeti kwa mpangilio wa kutoka. Gia ya tatu haina tatizo. Lakini sasa nimeziona zote kwa macho yangu na hakuna atakayeniambia sikuziona.

Mke wangu karudi saa nane mchana. Akasimama mlangoni pa kibanda. Aliangalia magazeti, pete, shafti, bakuli la mafuta meusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Akasema tu, hili gari limekuwa tayari mara nne.

Nikamwambia si kweli. Akahesabu kwa vidole. Mwaka wa pampu, ulisema pampu ya zamani ilikuwa nzima ila huiamini. Mwaka wa mabushi, uliyatoa wiki moja kabla, yakakataa kurudi. Mwaka wa tatu ulifungua injini kuangalia. Kuangalia nini? Mwaka jana ni hii hii gia. Akaonyesha magazetini kwa kidole chake cha nne. Mara nne lilikuwa tayari, mara nne ukalifungua.

Kipaza alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakula karanga zangu. Akasema, shemeji, wewe huyu Subira kila akimaliza kuvaa unamvua nguo. Bwana harusi anasubiri nje! Akacheka peke yake. Dada yake akamtazama, naye akaona heri anyamaze. Kipaza kunyamaza! Hapo ndipo nikaogopa.

Mke wangu akasema, Jumanne jioni gia boksi iwe ndani. Isipokuwa ndani, Jumatano anakuja mtu wa vyuma chakavu, nitamfungulia geti mwenyewe. Akaingia kuoga.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka nina hasira za kugawa. Nimekaza kwa hasira, nimeosha kwa hasira. Ananihukumu nani? Anayelala chini ya gari ni nani? Mafuta yanayomwagikia machoni ni ya nani? Kwake ni rahisi, yeye anaingia, anageuza ufunguo, ambulansi inawaka, kuna mtu mwingine asiyemjua aliyekesha nayo. Mchagua jembe si mkulima, alinitupia asubuhi huku akipita na ndoo ya nguo. Mimi sichagui jembe. Mimi nalinoa!

Nimeandika hayo juu nikayasoma. Maneno ya mtu aliyekamatwa.

Basi niandike na hili, hakuna mwingine anayesoma humu. Miaka mitano iliyopita breki hazikulainika. Breki zilikuwa nzima kabisa. Mzunguko wa pili, kona ndefu ya kushoto baada ya kipande kilichonyooka, niliingia kasi kuliko nilivyodhani, nyuma ya gari ikaanza kunipita. Sekunde moja, labda mbili. Niliona ukuta wa matairi ukija kwa pembeni, kwenye dirisha la abiria. Gari likajirudi lenyewe, mimi sikufanya lolote la maana. Nilipotoka nilipiga magoti mbele ya gurudumu ili watu wadhani naangalia kitu. Kipaza akaja mbio, vipi shemeji? Nikasema breki.

Neno lilikuwa pale, rahisi, nikalitumia. Sijamwambia mtu. Miaka mitano natengeneza gari zima, kwa sababu gari likiwa bovu basi bovu si mimi.

Nimeandika. Sijisikii nafuu hata kidogo.

Jumanne, 17 Juni

Gia boksi imeingia saa kumi na moja na nusu. Bolti zote, tik zote, mistari yote. Binti amenunua chupa mbili za rangi nyeupe. Moja ameiandikia "ya Baba".

Nimempa mke wangu ufunguo kabla hajauomba. Amezunguka mtaa, kisha akapotea. Dakika kumi. Kumi na tano! Nimesimama getini nimeshika kitambaa. Nikamsikia kabla sijamwona, gia ya tatu ikiingia laini kama kisu kwenye siagi. Akasimama, akashuka, nywele zimetoka kitambaani. Anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka akiwa ametoka mbio, kwa kweli nilikuwa nimesahau. Akasema, mume wangu, hiki ulichokitengeneza umekijua?

Nilifurahi. Pia nilitamani kumnyang'anya ufunguo. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikujua nionyeshe kipi.

Alhamisi, 19 Juni

Mkaguzi wa klabu amekuja nyumbani. Magari ya zamani yaliyofanyiwa mabadiliko wanayakagua kwa mwenyewe, siku mbili kabla, ili mtu asivute gari mpaka uwanjani bure. Mtu mfupi, mpole, ana miwani mbili, moja ya kuona na moja ya kulala chini. Saa moja na robo kalala chini ya Subira. Nilikuwa naona soksi zake tu.

Akatoka, akajifuta. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona gari limepakwa mistari namna hii, aliyelifunga ni mgonjwa au ni wa lifti. Mke wangu akasema ni vyote viwili. Wakacheka.

Akabandika kibandiko cha kijani kwenye kioo. Kisha akavaa miwani ya kuona, akaniangalia mimi, si mke wangu. Kibandiko hiki, akasema, ni cha gari kama lilivyo sasa. Ukifungua kitu cha breki, cha usukani au cha magurudumu, kimekufa. Usiguse. Nikasema naelewa. Akasema, mafundi wote huniambia wanaelewa.

Mke wangu ameninyang'anya ufunguo wa kibanda. Kwa mzaha, lakini ameuweka kwenye mkoba wake.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya mapumziko kwangu. Yeye zamu yake ya mwisho kabla ya kesho, binti chuoni. Nyumba kimya.

Sikukusudia. Kibanda kina ufunguo wa pili, uko kwenye kopo la misumari, ambako umekuwa siku zote. Nilikwenda kuchukua futi. Nikaona gurudumu la mbele kushoto. Nikajiuliza pedi za breki upande huu nilizitazama lini. Kulia nilizitazama ile tarehe tatu nilipotafuta mlio. Kushoto je? Mtu anaweza kwenda kasi ile juu ya pedi ambazo hakuna aliyeziona tangu mwezi wa tatu?

Nikapandisha jeki, nikatoa gurudumu, nikatoa bolti mbili za kalipa, kile kibano kinachoshika pedi. Pedi nzima, nene, hazina ufa. Basi. Nikarudisha pedi, nikarudisha kalipa, nikaingiza bolti kwa vidole, nikafuta mistari ya zamani kwa dawa ili isichanganye. Simu ikalia. Kazini, lifti imekwama ghorofa ya sita, watu watatu ndani, mmoja mjamzito. Nikapaka, nikafunika chupa, nikaondoka mbio.

Watu wametoka salama, saa moja unusu ya kazi. Mjamzito alikuwa mtulivu kuliko wenzake. Niliporudi gurudumu lilikuwa bado chini, mistari inang'aa. Nikalirudisha, nikakaza nati, nikashusha jeki. Nikaweka ufunguo kwenye kopo la misumari. Hakuna atakayejua. Na hakuna kilichoharibika.

Jioni tumefunga helmeti, maji, zana, tairi za akiba. Kipaza analeta gari la kuvuta saa kumi na moja alfajiri. Mke wangu kalala saa mbili, kama mtoto anayengoja safari.

Jumamosi, 21 Juni. Uwanjani, saa tatu asubuhi

Magari arobaini na kitu. Upepo, vumbi, harufu ya mpira. Kila fundi ameinama mahali. Tumepewa kundi C, saa nne na dakika ishirini. Mke wangu ameutembea uwanja mzima kwa miguu na madereva wenzake wapya, mikono mfukoni, anauliza maswali. Amerudi anasema kona ndefu ya kushoto ndiyo tamu kuliko zote, unaichelewesha breki kisha unaliacha gari liende.

Nikasema ndiyo, ni tamu.

Nimekaa kwenye buti la gari la Kipaza na daftari hili ili mikono yangu iwe na kazi.

Saa tatu na nusu

Kitu kinanisumbua na sijui ni kitu au ni ile tabia yangu.

Jana. Nakumbuka simu ikilia. Nakumbuka brashi mkononi. Naikumbuka spana ya kipimo imelala juu ya benchi, kwenye kitambaa chake cha bluu. Sikumbuki kuinyanyua.

Nimerudi nyuma ukurasa mmoja kusoma nilichoandika. Nimeandika nikaingiza bolti kwa vidole. Nimeandika simu ikalia. Nimeandika nikapaka. Sikuandika popote nikakaza! Nati za gurudumu nimeandika nilikaza. Za kalipa, hapana.

Labda nilikaza sikuandika. Mtu haandiki kila kitu. Miaka ishirini na mbili mkono wangu haujawahi kupaka bila kukaza, mkono unajua wenyewe. Lakini mkono pia haujawahi kuitwa na mjamzito aliye ghorofa ya sita.

Kona ile ni ya kushoto. Gurudumu la kushoto.

Saa tatu na dakika arobaini

Nikisema, gurudumu lazima litoke. Kibandiko kinakufa, mkaguzi lazima aje upya, na kundi C litaingia bila sisi. Na mke wangu atasikia nini? Atasikia mara ya tano. Hata mimi mwenyewe najisikia nikisema, na sijiamini. Miaka mitano nimepiga yowe la mbwamwitu na mbwamwitu hayupo, leo labda yupo na sina sauti.

Nisiposema.

Hapana. Nakwenda.

Saa tatu na dakika hamsini na tano

Naandika haraka.

Alikuwa ameshakaa ndani, mikanda imefungwa, injini inawaka, analipasha joto. Kipaza kainama dirishani anampa mawaidha ambayo hakuomba. Nikasema, zima. Kipaza akashika kichwa, shemeji, shemeji, leo si leo! Watu wa gari la jirani wakageuka.

Mke wangu hakuzima. Aliniuliza kupitia helmeti, nini? Nikasema bolti za kalipa, mbele kushoto, nilifungua jana. Ufunguo wa pili. Nilipaka mistari, sikumbuki kama nilikaza.

Akanitazama kwa jicho lile analomtazamia mgonjwa anayesema yuko sawa. Akauliza, hii ni bolti, au ni wewe?

Nikasema, sijui.

Ni kweli tupu na ndiyo mara ya kwanza kuisema. Baada ya hapo mdomo haukufungika. Nikamwambia ile kona, ukuta wa matairi, magoti, neno breki. Mbele ya Kipaza! Nikamwambia breki hazikuwa na kitu, ni mimi. Nilikuwa napiga kelele kwa sababu ya injini, halafu injini ikazimwa katikati ya sentensi na nikajisikia nikipayuka "niliogopa" uwanja mzima ukiwa kimya.

Akavua helmeti. Akasema, nilijua. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio siku ile. Miaka kumi na tisa nabeba watu walioogopa, unadhani simjui aliyeogopa nikimwona? Nilikungoja useme. Mficha maradhi, akaanza, hakumaliza, akafungua mikanda.

Nikachukua jeki. Akaninyang'anya. Wewe kaa pale. Ukigusa wewe leo haturudi.

Saa nne na dakika mbili

Nimekaa pale. Juu ya tairi la akiba, hatua nne kutoka kwake. Mkaguzi mfupi ameitwa, amekuja, ameng'oa kibandiko. Amesema akikuta kila kitu sawa kabla ya saa nne na robo atabandika kingine. Dakika moja zaidi, hapana. Amebadilisha miwani.

Kipaza anapandisha jeki. Hasemi kitu. Sikujua ana uwezo huo.

Mke wangu analegeza nati za gurudumu. Anaegemea spana kwa uzito wake wote, kwa ule mgongo, na mimi nimekalishwa na amri yake. Nati moja.

Nina jambo baya la kuandika na nitaliandika. Naomba zile bolti za kalipa ziwe zimelegea. Nimejigundua naomba, kimoyomoyo, kabisa kama mtu aliye kwenye sala. Zikiwa zimelegea, mimi nimemwokoa. Nitakuwa fundi aliyekumbuka. Miaka yote minne itahesabika kuwa uangalifu. Zikiwa zimekaza, mimi ni mtu mwoga aliyesimamisha siku ya mke wake tena, basi, hakuna jina jingine. Mtu gani anaomba breki ya mkewe iwe imelegea?

Nati mbili.

Nimemwambia. Nimeropoka tu kutoka hapa nilipo, mkaguzi akisikia. Nikasema, naomba zikutwe zimelegea. Mkono wake ukasimama juu ya spana. Nikadhani sasa ndiyo nimemaliza ndoa.

Akacheka. Si sana, kwa pua. Akasema, zikiwa zimelegea, nitazikaza, halafu unaingia na mimi. Zikiwa zimekaza, sizigusi, halafu unaingia na mimi. Kiti cha abiria kina mikanda, ulikifunga mwenyewe, kina mistari minne.

Nikasema magoti yangu. Akasema kiti cha abiria hakikusogezwa.

Nikasema kona ile. Akasema, ndiyo, kona ile. Mara sita kama muda utatosha.

Kipaza amekwenda kwenye gari lake, amerudi na helmeti yake, amenivika yeye mwenyewe kama mtu anayemvalisha mtoto kofia. Inanibana masikio. Inanuka karanga. Naandika nikiwa nimeivaa na kalamu inateleza.

Nati tatu. Mkaguzi anaangalia saa, saa nne na dakika saba. Anapiga magoti kando yake na tochi. Mke wangu ananiuliza bila kugeuka kama nimefunga kamba ya chini ya kidevu.

Sijaifunga. Nati ya nne imetoka, anashika gurudumu kwa mikono miwili, na mimi bado natafuta kifungo cha kamba kwa mkono mmoja.